Nyota ya Rangi Tatu

Faridi Shabani alikuwa fundi wa suruali, na suruali tu. Ukimpelekea gauni, alikuelekeza kwa jirani. Ukimpelekea shati, alilitazama kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu sokoni, kisha akakurudishia kwa upole. Lakini suruali, au pantalo kama tunavyosema huku Rumonge, hakuna aliyeishona kama yeye. Ilikaa kiunoni bila mkanda, haikubana ulipoinama, na ule mshono wa nyuma, ambao kwa mafundi wengine hufumuka siku ya harusi mbele ya wakwe, kwake ulidumu kuliko kitambaa chenyewe.

Cherehani yake ilikaa kwenye baraza la nyumba ya marehemu baba yake, mtaani Birimba. Baba huyo alivuka kutoka upande wa Uvira akiwa kijana, akafanya kazi kwenye michikichi, akaoa, akajenga, akazeeka hapahapa. Mke wa Faridi alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma, na watoto wao walikuwa wamekwisha kwenda kutafuta maisha, mmoja Bujumbura na mwingine huko Uvira alikotoka babu yake. Waliobaki nyumbani walikuwa Faridi na dada yake mkubwa, Jamila, aliyeachika zamani na kurudi kwao na sufuria zake. Jamila alikaanga mandazi kila asubuhi, akayauza mlangoni, na muda uliobaki aliutumia kumrekebisha mdogo wake.

Maisha ya Faridi yalikuwa na rangi chache. Nyeusi, buluu, kaki ya wanafunzi; hizo ndizo rangi za suruali, na hizo ndizo zilizojaa rafu yake. Hakulalamika. Hata nguo zake mwenyewe zilikuwa buluu.

Hadjara alimjia siku ya soko akiwa na mkoba wa kiunoni uliokatika zipu.

Huyu Hadjara alikuwa mjane kutoka Magara, kando ya ziwa kaskazini mwetu, muuza samaki. Alinunua samaki asubuhi mitumbwi iliporudi, ndagala kwa mabeseni na mukeke kwa ndoo, akawauza kando ya barabara, na siku za soko alishuka nao hadi Rumonge. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini za mitumbwi, na kicheko kilichoanza kabla neno la kuchekesha halijafika.

“Amahoro, fundi. Hii zipu imeniasi. Nitembee mu soko na mukoba wazi, watu waseme nini?”

Faridi alifungua kinywa kusema kwamba yeye ni fundi wa suruali. Badala yake akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, “Lete nione.”

Dirishani, Jamila aliacha kukanda unga.

Siku ya soko iliyofuata Hadjara alileta pazia. Iliyofuata tena, aproni yake ya kazi. Mara ya nne alileta mwavuli uliotoboka, na Faridi, mtu aliyewahi kukataa kushona kola ya imamu, akaulaza mwavuli mapajani na kuutia kiraka safi kabisa huku akimsikiliza mgeni wake akieleza jinsi alivyogombana na dereva wa Kabezi kwa sababu ya beseni. Hadjara alipoondoka, Jamila alitoka nje akasimama mikono kiunoni.

“Mwavuli,” alisema.

“Ulikuwa umetoboka, dada.”

“Kesho atakuletea mutumbwi.”

Faridi akarudi kwenye cherehani yake. Lakini kichwani alikuwa amekwisha panga maneno, na siku ya soko iliyofuata aliyatoa, ingawa hayakutoka katika mpangilio ule aliouzoea alipokuwa peke yake.

“Hadjara,” alisema, macho kwenye sindano, “mutu kama wewe, kazi mingi namna hii, halafu unarudi, nyumba haina mutu...”

“Nyumba yangu iko na paka.”

“Ndiyo, lakini paka haongei.”

Hadjara alicheka hadi wapita njia wakageuka. Kisha akamtazama kwa makini kidogo, kama anavyomtazama samaki kabla ya kutaja bei.

“Fundi, unataka kunioa?”

Faridi alijichoma sindano.

“Basi sikiliza,” Hadjara akaendelea, akijipepea na kile kipande cha kanga alichokuwa nacho begani. “Siku moja nilipeleka mukeke kwa otele ya plaji, pale ufukweni. Mulango wa chumba ulikuwa wazi. Nikaona kitanda imefunikwa na kuvureli ya viraka, nyota moja kubwa, toka huku mpaka kule. Kuleri tatu, basi. Nikasimama pale na ndoo kichwani, mpaka maji ya samaki yakaniteremka mugongoni. Nikasema, mwanaume ataniletea kitu kama ile, siku ileile naolewa. Hata kama hana meno.”

“Kwa nini rangi tatu?”

“Sababu kuleri mingi zinapiga kelele. Miye niko mu kelele toka asubuhi. Nikilala nataka kitu inyamaze.”

Akacheka tena, akainua ndoo yake, akaenda zake. Faridi alibaki ananyonya kidole. Meno alikuwa nayo yote ila mawili.

Mtu mwingine angecheka naye na kuendelea na kazi. Faridi hakuwa mtu wa namna hiyo. Ukimwambia unataka suruali ifike kifundoni, inafika kifundoni. Alasiri hiyohiyo alipasua mfuko mtupu wa sementi, akachukua kona yake iliyonyooka, akaikunja mara moja katikati, na hapo akapata ncha ya nyota. Ncha nane za namna hiyo zikikutana zinafunga duara. Kila ncha ilitakiwa iundwe na vipande vidogo vingi vyenye umbo la kashata iliyokatwa mshazari, safu ya rangi moja ikifuatwa na safu ya rangi nyingine, ili ukitazama kutoka mbali uone nyota ikipanuka kutoka katikati hadi kingoni. Aliielewa mara moja. Alilala na furaha, akidhani kazi imekwisha.

Shida ya kwanza ilikuwa rangi. Buluu alikuwa nayo, tena nzito nzuri, mabaki ya suruali za miaka. Nyeupe aliinunua sokoni, populini ya kanzu. Ya tatu ndiyo iliyomtesa. Alizunguka soko lote akitazama vitambaa kama mgeni aliyeshushwa mji asioujua, kwa maana tangu utoto hakuna aliyewahi kumuuliza anapenda rangi gani. Mwishowe akanunua nyekundu, kwa kuwa muuzaji alisema inakwenda. Akashona ncha mbili, akazitandaza juu ya mkeka, akamwita dada yake.

Jamila alitazama ile buluu, nyeupe na nyekundu.

“Umeshona bendera ya Wafaransa,” alisema.

Ilikuwa kweli. Faridi alifumua usiku kucha moyoni na asubuhi mikononi. Akajaribu kaki badala ya nyekundu. Nyota ikaonekana kama mtu anayeumwa tumbo. Wakati huo habari ilikuwa imeenea Birimba, na Birimba ni mtaa wa watu wakarimu. Eliana, muuza nyanya wa nyumba ya pili, alileta kipande cha kitenge chenye kuku. Mwingine akaleta kijani, mwingine zambarau yenye kung'aa, mabaki ya nguo za harusi. Faridi hakuweza kumvunja mtu moyo, basi akapachika kijani kidogo, na zambarau kidogo, na kuku mmoja. Akarudi nyuma hatua chache kutazama. Nyota haikuwepo. Kulikuwa na soko zima la Jumamosi limelala kwenye mkeka, kila kitambaa kikimwita yeye.

Hapo ndipo alipomwelewa Hadjara. Akaviondoa vyote kimoja kimoja, akaviweka kwenye mfuko kwa heshima, na akarudi sokoni peke yake, bila kumuuliza muuzaji yeyote. Alichokileta safari hiyo kilikuwa kitambaa kisicho na ua wala mchoro, rangi ya tofali lililoiva vizuri. Alikiweka kando ya buluu. Buluu ikatulia. Akaweka nyeupe katikati yao. Jamila, aliyekuwa anapita na karai la mafuta, alisimama kwa muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akapita.

Shida ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ilimpata pale alipojiamini. Kila fundi anajua kwamba kitambaa kikikatwa mshazari kinavutika. Faridi alijua hilo kabla hajaota ndevu. Ila vipande vile vya kashata vilikuwa na mshazari kila upande, na alidhani pasi ya makaa ingevitia adabu. Pasi ilivinyoosha zaidi. Kila kipande kiliongezeka urefu wa punje ya mchele; punje juu ya punje, alipounganisha ncha zote nane, katikati ya nyota palinyanyuka juu kama chungu kilichofunikwa. Akapiga pasi, pakanyanyuka upande mwingine. Akaikalia; aliposimama, nayo ikasimama.

Jamila aliichukua ile nyota, akaifunika juu ya sufuria ya maharage. Ilikaa sawasawa.

“Hongera,” alisema. “Kofia ya sufuria, kuleri tatu.”

Majirani waliokuwa wananunua mandazi walicheka, na Faridi naye angecheka siku nyingine. Siku hiyo aliingia ndani, akaketi kitandani. Jamila alingoja wateja waondoke, kisha akamfuata. Hakukaa. Alisimama mlangoni akifuta unga mikononi, ingawa mikono ilikuwa imekwisha kuwa safi.

“Faridi. Huyo mwanamuke akikuja, miye nitaenda wapi?”

Faridi aliinua macho. Kwa muda wote ule wa masimango, hakuwa amefikiria kwamba nyuma yake kuna swali.

“Utaenda wapi kwa nini? Hii ni nyumba ya baba yetu. Chumba chako ni chako. Hata nikioa binti wa gavana, chumba chako ni chako.”

“Unasema hivyo sasa.”

“Nasema hivyo sasa, na kesho uniulize tena nitasema hivyohivyo.”

Jamila alifuta mikono mara nyingine. Akatazama ile nyota iliyovimba, aliyokuwa ameileta begani.

“Baba alikuwa anavaa kanzu kila Ijumaa,” alisema. “Unakumbuka kola yake ilivyosimama? Nani alikuwa anaisimamisha?”

“Wewe.”

“Nilikuwa naisimamisha na nini?”

Faridi alimtazama dada yake, kisha akaanza kutabasamu polepole.

“Muhogo,” alisema.

Kesho yake Jamila alipika uji mwepesi wa unga wa muhogo, mwepesi kama maji ya wali, akauchuja kwa kitambaa. Wakachovya ndani yake buluu, nyeupe na ile ya tofali, kila moja katika beseni lake, wakazianika kwenye kamba uani. Zilipokauka na kupigwa pasi zilikuwa ngumu kama karatasi. Ukizigonga kwa kidole zinalia. Sasa Faridi alikata, na kipande kilipokatwa kilibaki jinsi kilivyokatwa. Hakikuvutika, hakikuleta ubishi. Jamila alisema kazi yake imeishia hapo, halafu akavuta kigoda akakaa, akawa anapanga vipande kwa safu na kumpa mdogo wake mkononi, na aliyenunua mandazi siku hizo ilimbidi ajihudumie mwenyewe.

Nyota ilipounganika mara ya pili, ililala. Katikati, pale ncha nane zinapokutana, palikuwa bapa kabisa. Jamila, ili kuhakikisha, alikwenda akaleta glasi ya chai iliyojaa hadi mdomoni, akaiweka palepale katikati. Haikutikisika. Faridi ndiye aliyetikisika.

“Dada! Chai! Juu ya nyeupe!”

“Tulia. Si unaona imesimama?”

Aliiondoa bila kumwaga tone, lakini Faridi aliendelea kuikagua ile nyeupe hadi adhuhuri.

Baada ya hapo ilibaki kujaza nyeupe pembezoni ili kitambaa kiwe cha mraba, kuweka blanketi jepesi la mitumba katikati, kitambaa cha buluu chini, na kushona tabaka hizo tatu pamoja kwa mkono, mstari ukifuata umbo la nyota kama viwimbi vinavyofuata jiwe lililotupwa ziwani. Suruali zilimngoja. Wenye suruali walikuja, wakatazama, wakasema “endelea tu, fundi,” wakaenda. Hata mkuu wa shule moja alikubali kuvaa suruali yake kuukuu wiki nyingine zaidi.

Wakati wote huo Hadjara hakuonekana. Esansi, yaani mafuta ya gari, ilikuwa imeadimika, mabasi madogo yamelala kando ya barabara, na wafanyabiashara wa Magara waliuza samaki hukohuko. Faridi hakuweza kungoja. Alipokata uzi wa mwisho aliiloweka kuvureli kutoa ule muhogo, akaianika, akaikunja, akaifunga ndani ya nailoni, akaanza kuuliza nani ana gari linalokwenda kaskazini. Modeste, dereva wa lori la mafuta ya mawese, alikuwa amepata esansi kwa njia ambayo hakuna aliyemuuliza. Akampa nafasi juu ya madumu.

Waliondoka baada ya swala ya alfajiri. Faridi alikaa juu kabisa, amevaa suruali yake bora, amekumbatia furushi kama mzazi anayetoka hospitali, ziwa likiwa upande wa kushoto limenyooka na kung'aa. Hakuona ziwa. Alikuwa anahofia mafuta ya madumu. Kila lori liliporuka kwenye shimo alinyanyua furushi juu ya kichwa, na watu wa kando ya barabara, wakidhani anawasalimia, walimpungia mkono.

Magara aliikuta katikati ya vurugu za asubuhi. Mitumbwi ilikuwa imevutwa nchi kavu na taa zake zimezimwa, ndagala wametandazwa kwenye chanja za waya zilizoinuliwa juu ya miti, na wanawake wamezunguka mabeseni wakipigia kelele bei. Sauti ya Hadjara ilikuwa juu ya zote. Alikuwa ameshika beseni upande mmoja, mwanamume mwingine ameshika upande wa pili, na hakuna aliyekuwa tayari kuachia.

“Hadjara,” Faridi aliita.

Aligeuka, bado ameshika beseni. “He! Fundi! Umepotea njia?”

“Nimekuletea ile kitu.”

“Kitu gani?”

“Nyota.”

“Nyota?” Hadjara aliwatazama wenzake, kama kwamba mmoja wao huenda anajua. Batuli, shoga yake, mwanamke mwembamba aliyeuza samaki naye bega kwa bega, alikuwa amekwisha sogea na kushika kona ya furushi. Wengine wakamfuata. Kabla Faridi hajasema lolote, nailoni ilifunguliwa, wanawake wanne wakashika pembe nne, na kuvureli ikatandazwa juu ya chanja ya waya iliyokuwa haina samaki.

Jua lilikuwa limepanda kiasi cha kutosha. Nyota ilifunguka pale, ncha moja ikielekea ziwani na nyingine barabarani, rangi ya tofali katikati, kisha nyeupe, kisha buluu, kisha tofali tena, ikienda ikipanuka mpaka ncha zake zikaelea kwenye nyeupe tupu. Kelele za bei zilipungua. Mwanamume aliyeshika beseni aliliachia. Hadjara hakutambua kwamba ameshinda.

“Ulisema,” Faridi alieleza, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo kwa sababu watu walikuwa wengi, “ulisema mutu akikuletea kuvureli ya nyota, kuleri tatu...”

“Miye?”

“Ulisema.”

“Nilisema lini?”

“Siku ya mwavuli. Hapana, baada ya mwavuli.”

Wanawake waliangua kicheko, kile kicheko cha watu wasio na ubaya lakini wasio na huruma pia. “Hadjara umemutesa muzee wa watu!” Batuli alisema, akijipiga paja. Mtu mmoja tu hakucheka, naye ndiye aliyekuwa bingwa wa kucheka. Hadjara alisimama mbele ya chanja. Alinyoosha mkono kuigusa ile nyota, akakumbuka mkono wake ulikuwa na magamba, akaurudisha. Nyuma yake mteja wa Bujumbura alikuwa anaita kwamba anaondoka, achukue bei yake au aache.

“Ikunje,” alimwambia Faridi, haraka, karibu kwa ukali. “Peleka nyumbani. Hapa itanuka samaki.”

Kisha akageuka kwa mteja wake.

Faridi aliikunja. Alirudi Rumonge jioni, nusu ya njia kwa miguu na nusu nyuma ya baiskeli ya mtu wa ndizi. Jamila alikuwa mlangoni.

“Alisema nini?”

“Hakumbuki. Amesema niirudishe nyumbani.”

Jamila, ambaye kwa muda mrefu aliomba jambo hilo lisifike mbali, alisikia damu inamchemka. “Hakumbuki? Yeye ni nani? Muhogo wangu! Mikono yangu! Mwanamuke wa kunuka ndagala, hakumbuki!” Alisema mengi usiku ule, na yote yalikuwa kwa ajili ya mdogo wake. Faridi aliitandika kuvureli juu ya kitanda kwa kuwa hakujua aiweke wapi kwingine, na yeye akalala kwenye mkeka, ili asiikunje.

Wiki hiyo alirudi kwenye suruali. Alimshonea karani mmoja suruali yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Birimba nzima ilikuja kuiona, kwa kuwa jambo hilo halijawahi kutokea, na hakuna aliyecheka.

Ijumaa, baada ya swala, walifika watu watatu: Hadjara, kaka yake Zakaria, ambaye ni mvuvi, na Batuli aliyebeba kapu la sangala wawili wakubwa. Hadjara alikuwa amevaa vazi la buluu lililonyooshwa na kunukia udi. Hata Jamila ilimbidi atafute harufu ya samaki na aikose.

“Fundi,” Hadjara alisema kabla hajaketi, “kuvureli yangu iko wapi?”

“Kitandani. Ulisema niirudishe nyumbani.”

“Eee. Nyumbani. Nyumbani ni wapi?”

Faridi alitazama mlango, akatazama baraza, akamtazama dada yake. “Hapa,” alisema.

“Basi nilikosea nini? Nilitaka uilete kule kwangu, maji ya ziwa yameshafika kizingiti, ikaoze? Ulitaka nikuambie nini mbele ya watu wote wale, na mikono ya samaki?”

Zakaria, mtu wa maneno machache, alikohoa. “Amenisumbua wiki nzima,” alisema. “Siku ile alinunua beseni ya ndagala waliooza. Hajawahi.”

Wanaume wakabaki barazani. Jamila alimchukua mgeni hadi uani, kwa kisingizio cha kuosha samaki. Alichoniambia Jamila mwenyewe baadaye ni hiki: kwamba alimuuliza Hadjara wazi kama alikuwa anamchezea ndugu yake, na Hadjara alisema ndiyo, siku ile alikuwa anacheza, tena alisahau kabla hajafika barabarani.

“Lakini dada,” Hadjara alisema, akipara magamba, “nimeshakuwa mu ndoa. Marehemu alikuwa mutu muzuri, Mungu amurehemu, lakini nilikuwa nikisema kitu mara tatu hasikii. Huyu nimesema mara moja, tena mu mchezo, akaenda akashona. Mutu anasikia mchezo wangu namna hii, siku nikimwambia neno la kweli atafanya nini?”

Jamila alifikiri. “Unajua kukaanga mandazi?”

“Sijui. Najua kula.”

“Chumba cha dirisha la nyuma ni changu.”

“Ni chako. Miye nitakuwa Magara karibu kila siku, nikirudi nimechoka, nataka tu kulala.”

“Na magamba unapara vibaya,” Jamila alisema, akamnyang'anya kisu. Hapo Hadjara alijua mambo yamekwisha.

Barazani walipofika kwenye habari ya mahari, Zakaria alianza kukohoa tena, lakini Hadjara alijibu kutoka uani, kwa ile sauti ya kushinda injini: “Mahari iko kitandani! Usimuulize kitu ingine!” Shehe aliyefungisha ndoa, mwezi huohuo, alisita kidogo alipofika pale. Alimuuliza Faridi mara mbili, kisha akamuuliza Zakaria, walii wa bibi harusi, kisha akatamka mbele ya mashahidi, kwa Kiswahili chake kizuri cha msikitini, kwamba mahari ni kifuniko kimoja cha kitanda, cha viraka, chenye nyota. Mtu wa nyuma akaongeza “kuleri tatu,” na msikiti ukasahau adabu kwa muda.

Hadjara hakuacha kazi yake, na Faridi hakuacha yake. Siku za esansi Hadjara huondoka na lori la Modeste na kurudi jioni. Siku zisizo na esansi hubaki Magara kwa Batuli, na Faridi siku hizo hushona mpaka giza linapomfukuza. Watu wengi wamemwomba awashonee nyota. Mwenye hoteli moja ya plaji alituma mtu na sampuli ya rangi saba. Faridi aliwaeleza wote kwamba yeye ni fundi wa suruali. Miavuli, hata hivyo, ameanza kuipokea.

Mwaka jana, pepo za kiangazi zilipoanza kuvuma, Jamila aliugua malaria mbaya. Alitetemeka chini ya mablanketi mawili. Hadjara alirudi kutoka Magara, akaoga, akaenda chumbani kwake, akaiondoa kuvureli kitandani bila kumwambia mtu, akamfunika nayo wifi yake hadi kidevuni, nyota juu ya kifua. Akakaa naye mpaka homa iliposhuka.

Jamila alipona zamani. Amerudi kwenye mandazi na kwenye kurekebisha watu. Kuvureli bado iko chumbani kwake, kitandani kwake, imetandikwa vizuri kila asubuhi, na hajaizungumzia. Mimi nilimuuliza Hadjara kama hataki kuidai. Alikuwa anapanda lori, ndoo kichwani.

“Acha,” alisema. “Kuna baridi kwa ile chumba ya nyuma.”

Faridi, aliyekuwa anampa mkono apande, alisema naye ameona hivyo.